Pima kusoma kwanza, ndipo ugawe makundi: mwongozo kwa walimu wa kujitolea

Ukianzisha masomo ya kujitolea kwa watoto wenye maisha magumu, usiwapange kwa darasa wala umri. Watoto watatu wa darasa la nne huketi benchi moja: mmoja anasoma hadithi, wa pili anahangaika na maneno, wa tatu bado anachanganya b na d. Somo moja haliwezi kuwafaa wote. Wapange kwa kiwango cha kusoma. Shirika la Pratham la India limefanya kazi kubwa kwa njia hii, na mpango wa Uwezo ulitumia kipimo kinachofanana na cha hapa chini, nyumba kwa nyumba, huko Kenya, Tanzania na Uganda.

Hatua ya 1: Mahali na watu

Popote panapoonekana na watu, wazazi wakiridhia. Mtu mzima asijitenge na mtoto mahali pa faragha, hata kwa kipimo cha dakika tano. Kila kundi liwe na walimu wawili, ili mmoja akiugua kipindi kiendelee. Ni heri walimu sita wanaokuja kila wiki kuliko ishirini wanaokuja wakipata nafasi.

Hatua ya 2: Karatasi ya kipimo

Iwe na sehemu nne: silabi 10 (ba, ke, mo, tu), maneno 10 ya silabi mbili (meza, paka, dawa), aya ya sentensi nne, na hadithi ya sentensi nane hadi kumi yenye maswali mawili. Aya iwe nyepesi kama hii:

Asha ana kuku wawili. Kuku hao hutaga kila siku. Jana paka alikula yai moja. Asha alimfukuza.

Tunga mwenyewe, kwa sababu vitabu vya shule wapo wanaovijua kwa moyo. Usiweke picha, mtoto ataona kuku na kusema kuku. Tumia maandishi makubwa, na herufi a iwe ya duara kama inavyoandikwa ubaoni. Andaa seti tatu tofauti.

Hatua ya 3: Kupima

Mtoto mmoja mmoja. Anza na aya. Akiisoma kwa mtiririko na makosa yasiyozidi matatu, mpe hadithi. Ikimshinda, kiwango chake ni aya. Akikwama kwenye aya, shuka kwenye maneno: achague matano, akipata manne yuko kiwango cha neno. Asipofikisha, mpe silabi tano kwa utaratibu huohuo. Zikimshinda, yuko mwanzo.

Hapa ndipo kazi huharibika, tena kwa namna nyingi.

Wanaosubiri wakisikia, mtoto wa tano ataikariri aya kabla hajaiona. Pimia mbali nao na ubadilishe seti. Ukimshuku, weka kidole kwenye neno la katikati, tuseme "yai", umwambie alisome. Aliyekariri atarudi mwanzo wa sentensi kulitafuta.

Anayesoma "hu… ta… ga" bila kuunganisha hajafika kiwango cha aya, hata kama hakukosea silabi. Anayesoma polepole lakini neno linatoka zima, amefika.

Akisoma "karamu" palipoandikwa "kalamu", mwonyeshe kalamu aitaje. Akisema vilevile, hiyo ni lafudhi ya lugha yake ya nyumbani. Usihesabu kosa.

Usimsahihishe wala kutikisa kichwa. Kalamu nyekundu isionekane kabisa. Andika matokeo akishaondoka. Daftari la mistari linatosha. Simu nashauri iwekwe kando, maana mtoto huitazama simu badala ya karatasi.

Mtoto anayenyamaza kabisa usimwandike "mwanzo" siku hiyo. Zungumza naye, mwache acheze na wenzake, umpime tena kesho. Na anayesogeza karatasi hadi puani, mwambie mzazi ampeleke akapimwe macho.

Hatua ya 4: Makundi

Watoto wa kundi moja wasizidi 20. Walimu wakiwa wachache, unganisha mwanzo na silabi, lakini kamwe usiunganishe silabi na aya. Makundi yapewe majina ya miti, si namba, maana watoto hujua upesi nani ni wa mwisho. Mwenye miaka 14 aliyeko mwanzo asiketishwe kati ya wenye miaka saba. Ataona haya na hatarudi. Mtengee kona na wakubwa wenzake, wajifunze silabi zilezile kwa maneno ya umri wao.

Hatua ya 5: Pima tena

Kila baada ya wiki nne, kwa seti nyingine. Aliyepanda ahamie kundi jipya siku hiyohiyo, asisubiri muhula uishe. Asiyepanda mara mbili, angalia kwanza mahudhurio yake, kisha macho na masikio, kisha namna kundi lake linavyofundishwa. Mara nyingi utakuta hakuhudhuria nusu ya vipindi kwa sababu ana mdogo wake wa kulea nyumbani. Mruhusu aje naye.