Somo: Kufunga kioo cha nukta nyekundu kwenye bastola

Ndugu wanachama, hapa Mtwara tunapaka bastola mafuta kila mara kwa sababu ya chumvi ya bahari. Mafuta hayohayo, yakiingia kwenye matundu ya skrubu, ndiyo yanayolegeza kioo, yaani kilengeo cha juu ya slaidi kinachoonyesha nukta nyekundu ya kulengea. Bastola nyingi ninazoletewa kwa kupiga pembeni zina ugonjwa huo.

1. Toa magazini, vuta slaidi, tazama chemba, kisha pitisha kidole. Risasi zikae chumba kingine.

2. Hakikisha kioo kinakaa kwenye bastola yako. Nyayo, yaani mpangilio wa matundu ya skrubu chini ya kioo, ziko za aina nyingi: za RMR na za RMSc, kwa mfano, hazilingani. Glock za MOS (zenye slaidi iliyochongwa tayari kupokea kioo), zilizoanza kutoka 2015, nyingi hutumia vibamba vya kati ya slaidi na kioo.

3. Hapa tulia. Safisha skrubu na matundu kwa spiriti mpaka kitambaa kitoke bila mafuta, uache vikauke. Pima urefu wa skrubu: ndefu mno inaweza kubana kucha inayovuta ganda, bastola ikakwama. Tia tone dogo la gundi ya skrubu ya bluu. Nyekundu usiiguse, hiyo haiachii mpaka ipashwe moto. Kaza kwa bisibisi yenye kipimo, kwa nguvu iliyoandikwa kwenye kijitabu cha kioo. Vingi hutaka nyutoni-mita 1.4 hadi 1.7. Mkono peke yake hudanganya. Kisha chora mstari wa rangi ya kucha kutoka kichwa cha skrubu hadi kwenye kioo. Siku mstari ukikatika, skrubu imezunguka. Acha gundi ilale saa 24.

4. Uwanjani, egemeza bastola kwenye mfuko wa mchanga, piga risasi 5 kwa mita 25, rekebisha kwa kufuata katikati ya kundi la matundu. MOA 1 (kipimo cha pembe kinachotumika kurekebisha kioo) kwa umbali huo ni kama milimita 7.

Maswali

*Masasi:* Mwalimu, mbona naona nyota yenye miiba badala ya nukta?

Ipige picha kwa simu. Ikitoka duara safi, kioo ni kizima. Kapime macho, huenda una astigimatizimu. Punguza na mwanga wa nukta.

*Mikindani:* Betri ya CR2032 nibadilishe lini?

Kila mwaka. Mimi hubadilisha minada ya korosho inapofunguliwa Oktoba. Kama betri yako inaingilia chini ya kioo, utafungua skrubu, kwa hiyo rudia hatua ya 3 na ya 4.

*Lindi mjini:* Nikitoka kwenye kiyoyozi kioo kinashika ukungu, kaka. Nifanyeje?

Paka dawa ya ukungu ya miwani. Na zoea kulenga macho yote mawili yakiwa wazi: jicho moja litashika nukta, la pili litaona shabaha, hata ukungu ukiwa mbele ya kioo.