Rufaa imeandikwa, je, mama alifika? Namna ya kutathmini kazi ya afya wilayani

Ripoti nyingi za rufaa huishia kwenye idadi: vituo vimetoa rufaa nyingi kuliko robo iliyopita, basi huduma imeimarika. Idadi hiyo haisemi lolote kuhusu mgonjwa. Huenda wahudumu wamejifunza kutambua hatari mapema. Huenda zahanati imeishiwa oksitosini, dawa ya kuzuia kuvuja damu baada ya kujifungua, na sasa kila mama anasukumwa hospitali. Huenda pia kilichoongezeka ni uandishi tu, kwa sababu mradi umegawa vitabu vipya. Tathmini yenye maana humfuata mgonjwa kutoka kitabu kimoja hadi kingine mpaka ijulikane alikoishia.

Mwongozo huu ni wa timu za usimamizi wa afya za wilaya nchini Tanzania na wadau wao. Sehemu kubwa inahusu rufaa za dharura za uzazi. Mwishoni tunagusa miradi ya shuleni ya kuzuia unene wa watoto, ambayo nidhamu yake ni ileile ila mitego yake ni mingine.

Swali kwanza

"Je, mfumo wa rufaa unafanya kazi?" ni swali lisilojibika. Liandike hivi: "Kati ya akina mama waliopewa rufaa ya dharura kutoka zahanati na vituo vya afya vya wilaya hii kuanzia Januari hadi Juni, wangapi walifika mahali penye upasuaji na damu ndani ya saa mbili, na wangapi walitibiwa tatizo lililowapeleka?" Sasa kuna watu wanaohesabika, kipindi, mahali na kipimo. Saa mbili hazikuokotwa tu: mama anayevuja damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kufa ndani ya muda huo.

Kisha andika kwenye karatasi moja hatua zote za safari: tatizo kutambuliwa, uamuzi kufanywa, usafiri kuitwa, usafiri kufika, mama kuondoka, kufika, kupokelewa, kutibiwa, na majibu kurudi kituo kilichomtuma. Mbele ya kila hatua andika ni kitabu gani kinaibeba. Utakuta hatua mbili au tatu hazina kitabu kabisa, mara nyingi saa ya kuitwa usafiri na saa ya kuondoka. Hizo zitafutiwe dawa kabla ya kuanza, si baada ya miezi sita. Kule m-mama, mfumo wa usafiri wa dharura wa wajawazito na watoto wachanga, inakofanya kazi, kituo cha kupokea simu za 115 huwa na kumbukumbu za saa ya simu na ya gari, ziombe mapema.

Wale ambao hawakuandikiwa

Barua za rufaa zinaonyesha waliopewa rufaa. Waliostahili wakaachwa hawamo, na hao ndio walio hatarini zaidi.

Njia ya kwanza ya kuwakadiria ni hesabu. Shirika la Afya Duniani hutumia kadirio la kwamba takriban asilimia 15 ya wajawazito hupata tatizo kubwa. Zahanati yenye wajawazito 200 kwa mwaka katika eneo lake itarajie kama 30. Ikiwa imeandika rufaa 6, usiikimbilie kwa lawama: wengine hutibiwa palepale, wengine hukwepa zahanati na kwenda hospitali moja kwa moja. Lakini nenda ukaangalie.

Njia ya pili ni patografu, yaani chati ya kufuatilia uchungu wa kuzaa. Chukua 30 kwa kila kituo, zilizochaguliwa kwa bahati nasibu kutoka kwenye rejista ya wodi ya wazazi, si zile ulizokabidhiwa na mfawidhi. Hesabu zilizovuka mstari wa hatua, unaoonyesha kwamba uchungu umechelewa mno, kisha tazama wangapi kati yao walipewa rufaa. Patografu safi mno, yenye alama zote kwa kalamu moja na mwandiko uleule kuanzia mwanzo hadi mwisho, huenda ilijazwa baada ya mtoto kuzaliwa. Ziweke pembeni na uzihesabu: nazo ni matokeo. Vituo vilivyohamia kwenye fomu ya mwongozo wa uchungu ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2020 havina tena mistari ile ya mshazari, kwa hiyo tumia viwango vya tahadhari vilivyomo kwenye fomu yenyewe.

Barua ngapi zinatosha

Kwa kipimo kimoja kinachotolewa kwa asilimia, barua 96 zinakupa jibu lenye kosa la asilimia 10 juu au chini, barua 196 kosa la 7, na 384 kosa la 5. Kwa wilaya moja, 196 ni mahali pazuri pa kusimama. Kama miezi mitatu haikupi idadi hiyo, ongeza miezi na uendelee kuchukua zote. Kuteua "barua zilizojazwa vizuri" ni kuharibu kazi tangu siku ya kwanza, kwa kuwa anayejaza barua vizuri ndiye pia anayemsindikiza mgonjwa vizuri.

Kuoanisha vitabu

Hapa ndipo tathmini nyingi zinakofia. Jina peke yake halitoshi. Mwanaidi wa zahanati anakuwa Mwanahidi hospitali. Aliyeandikwa kwa jina la baba kliniki huandikwa kwa jina la mume mapokezi, hivyo Zuhura Juma na Zuhura Salehe ni mtu mmoja. Tumia vitu sita: jina la kwanza, umri kwa tofauti isiyozidi miaka miwili, kijiji, tarehe kwa tofauti isiyozidi siku mbili, kituo alikotoka, na sababu ya rufaa. Jina la kwanza na angalau vitatu kati ya vile vitano vingine vikilingana, kubali. Jina na viwili, weka kwenye kundi la kujadiliwa. Chini ya hapo, kataa. Watu wawili wafanye kazi hiyo kila mmoja peke yake, kisha walinganishe. Wanapotofautiana mara nyingi, kanuni ndiyo yenye tatizo.

Usitafute kwenye rejista ya wodi ya wazazi tu. Pitia mapokezi, chumba cha upasuaji, wodi ya wanawake, wodi ya watoto wachanga na kitabu cha mochwari. Kisha vuka mpaka: mama wa kata za pembeni hukimbilia hospitali ya misheni au ya wilaya jirani iliyo karibu naye. Tathmini isiyofika huko hutangaza "hawakufika" watu waliokwisha kujifungua salama na kurudi nyumbani.

Wasioonekana popote watafutwe kwa simu au kupitia mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Uliza kwanza kwa mhudumu huyo kama kuna msiba. Nyumba iliyofiwa haiendewi na kijana mwenye tableti ya kujazia fomu. Aende muuguzi mzoefu, baada ya muda wa kufaa, na akiambiwa hapana aondoke.

Tuseme barua ni 196. Hospitali ya wilaya umewapata 151, kwingine 19, na 26 hawaonekani. Kati ya hao 26 umewafikia 17, wote hawakufika, na 9 hawajulikani walipo. Anayetazama hospitali moja atasema asilimia 77 walifika. Ukweli uko kati ya asilimia 87, ikiwa wale 9 hawakufika, na asilimia 91, ikiwa wote walifika. Toa namba zote mbili kwenye ripoti, wala usiwafute wale 9 kwenye jedwali.

Saa

Muuguzi mmoja anaandika "2:00" akimaanisha saa mbili asubuhi. Mwenzake wa hospitali anaandika "08:30". Kompyuta itakuambia mama alisafiri kwa muda wa saa sita na nusu wakati alitumia nusu saa. Kosa la saa sita kamili, mbele au nyuma, ndilo alama ya tatizo hili. Panga safari zote kwa muda. Ukiona kundi limejikusanya kuzunguka saa sita, au safari zenye muda hasi, rudi kwenye vitabu. Usiku una kosa lake: rufaa ya saa nane usiku wa kuamkia Jumanne wengine huitia tarehe ya Jumatatu, na safari ya saa moja inageuka siku nzima. Dawa yake ni kuandika kwa mfumo wa saa 24 kuanzia siku ya mafunzo, na saa ya ukutani kwenye kila chumba cha kuzalishia. Saa ya ukutani ni rahisi kuliko mchambuzi wa takwimu.

Je, ni mradi ulioleta mabadiliko?

Usipime mafanikio kwa vifo vya uzazi vya wilaya moja. Utafiti wa afya wa taifa wa mwaka 2022 ulikadiria vifo 104 kwa kila vizazi hai 100,000. Wilaya yenye vizazi 8,000 itarajie vifo kama 8 kwa mwaka, na mwaka unaofuata vinaweza kuwa 5 au 12 bila jambo lolote kubadilika. Kila kifo kijadiliwe kwa undani kwenye kamati yake, lakini kisiwe nukta kwenye grafu ya mradi. Pima muda wa kufika, matibabu sahihi kabla ya safari, kama magnesiamu salfeti kwa mwenye kifafa cha mimba, na watoto waliozaliwa wafu ambao mapigo yao yalisikika mama alipopokelewa.

Chukua takwimu za kila mwezi, angalau miezi 12 kabla na 12 baada ya mradi, pamoja na wilaya jirani isiyo na mradi. Chini ya grafu andika yote mengine yaliyotokea: masika yaliyokata barabara, daraja jipya, uhamisho wa daktari, mgawo wa mafuta ya gari la wagonjwa. Kituo cha afya kikifunguliwa chumba cha upasuaji, kama ilivyotokea kwa vingi kuanzia mwaka 2017, rufaa za kwenda hospitali hupungua. Hilo ni jambo jema, ingawa kwenye grafu litaonekana kama mradi umelala.

Na mahojiano yasifanywe na msimamizi wa wahojiwa. Muuguzi hatamweleza mratibu wake wa wilaya kwamba alichelewesha rufaa kwa kuogopa kugombezwa na daktari wa hospitali, ilhali hiyo ni sababu inayosikika sana.

Miradi ya unene wa watoto shuleni

Hapa hakuna barua ya kufuata; kuna mizani, na mizani inadanganya. Ipime kila asubuhi kwa uzito unaojulikana, kwa mfano dumu la maji ulilokwisha kulihakiki kwa mizani nyingine, na iwe juu ya sakafu ngumu. Viatu na sweta vivuliwe, mtandio na nywele zilizofungwa juu visogezwe. Pima urefu mara mbili hadi karibu na milimita. Vipimo vikipishana zaidi ya nusu sentimita, pima mara ya tatu. Sababu ni hii: mtoto wa kilo 30 na sentimita 130 ana BMI (kilo zikigawanywa kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe) ya 17.8. Ukikosea urefu kwa sentimita moja tu, ukaandika 129, inakuwa 18.0. Tofauti hiyo yaweza kuzidi badiliko lote ambalo mradi unatarajia kuleta kwa mwaka.

Kosa la pili ni kutumia mipaka ya watu wazima, 25 na 30. Mvulana wa miaka 9 mwenye BMI ya 21 kwa mipaka hiyo ni wa kawaida. Kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 2007 tayari amevuka alama ya +2 (mikengeuko sanifu miwili juu ya mtoto wa katikati wa umri na jinsia yake), yaani ana unene uliokithiri. Kwa miaka 5 hadi 19, juu ya +1 ni uzito uliozidi, juu ya +2 ni unene uliokithiri. Kwa walio chini ya miaka 5 mipaka ni +2 na +3. Chukua tarehe ya kuzaliwa kwenye cheti au kitabu cha uandikishaji, si "miaka tisa" ya mdomo. Ripoti pia walio chini ya -2, kwa sababu shule hiyohiyo ina watoto wembamba mno, na mradi unaowapunguzia hao chakula umefanya madhara.

Wanafunzi 800 wa shule 20 hawana nguvu ya watu 800. Wa shule moja hufanana: wanapita kwenye geti lilelile lenye chipsi na soda zilezile. Kwa wanafunzi 40 kila shule, na mfanano wa 0.02 kati ya wanafunzi wa shule moja (0 ni kutofanana kabisa, 1 ni kufanana kabisa), gawanya 800 kwa 1.78, yaani 1 + 39 × 0.02, unabaki na nguvu ya watu 449 hivi. Ndiyo maana kulinganisha shule mbili zenye mradi na mbili zisizo nao hakuthibitishi kitu, hata ukipima kila mtoto.

Kabla ya kupima matokeo, pima kama kazi ilifanyika. Kaa getini siku tano za mapumziko uhesabu kinachouzwa na kinachonunuliwa. Ingia darasani wakati wa kipindi cha michezo. Katika shule nyingi kipo kwenye ratiba huku darasa la nne na la saba wakirudia hesabu za mtihani. Vipimo vya kabla na baada viwe muhula uleule wa mwaka, na Pwani na Zanzibar visiangukie Ramadhani au wiki ya Idi.

Mtoto apimwe nyuma ya pazia, kilo zisitajwe kwa sauti, na karatasi ya majina isikae mezani. Mtoto aliyeitwa bonge mbele ya wenzake hatarudi kupimwa mara ya pili, na wanaokosekana ndio hasa uliowahitaji.

Vibali na kurudisha matokeo

Anza na barua kwa Mkurugenzi wa Halmashauri na Mganga Mkuu wa Wilaya. Ukikusudia kuchapisha, kibali cha maadili cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, na kwa Zanzibar cha kamati yao wenyewe. Kwa shule ongeza TAMISEMI na ridhaa ya mzazi. Usianze kukusanya ukitegemea kibali kitakachofuata.

Kila kituo kipewe ukurasa mmoja wenye namba zake chenyewe: barua zilizotoka, waliofika, muda wa katikati wa safari, majibu yaliyorudi. Usibandike orodha ya vituo kuanzia bora hadi hovyo ukutani kwa mganga mkuu, kwani robo inayofuata vitabu vitapendeza na wagonjwa watabaki walivyo. Uoanishaji ukikamilika, majina yaondolewe kwenye faili, zibaki namba, na orodha ya kuunganisha majina na namba ifungiwe kabatini kwa mtu mmoja anayejulikana.