Somo: Kupaka rangi za maji sehemu ulizopita kikazi (soma hatua ya 6 kabla ya kuuliza)

Swali ni lilelile kila wiki: "Nilikuwa kazini Voi, au Lamu, au Lunga Lunga, nikapiga picha. Nimerudi Mombasa napaka, mbona haifanani na nilichokiona?" Naliandika jibu mara moja, ili atakayeuliza tena aelekezwe hapa.

Kwa ufupi, simu haikuona ulichoona. Ikipimia mwangaza wa anga, kivuli cha ukuta inakifanya cheusi. Jicho lako lilikiona kivuli hicho kina buluu juu na wekundu wa ardhi chini, na picha ya rangi za maji hubebwa na vivuli. Kwa hiyo njiani tunaandika, na kupaka tunapaka baadaye mezani.

Vifaa: karatasi ya gramu 300 (kwa mita ya mraba), ya pamba ukiimudu, ukubwa wa A5. Brashi za duara namba 8 na namba 4. Penseli 2B, tishu, vikombe viwili vya maji, sahani nyeupe ya jikoni. Rangi tano, na ununue kwa namba iliyoandikwa ubavuni mwa tyubu, kwa sababu majina hubadilika kutoka kiwanda kimoja hadi kingine: PB29 (buluu ya altramarini), PB15:3 (buluu inayoelekea kijani), PBr7 iliyochomwa, ya rangi ya tofali, PY43 (oka ya manjano) na PV19 (waridi). Tyubu yenye namba tatu nne ndani yake iache dukani. Ukiichanganya na nyingine unapata tope.

Hatua ya 1. Kaa kivulini, chora mraba wa ukubwa wa kiberiti, ugawe sehemu tatu tu: nyeupe, ya kati, giza. Dakika tano zinatosha.

Hatua ya 2. Andika saa, na mshale wa jua linakotoka. Ngome ya Fort Jesus upande wa bahari hupata jua asubuhi. Alasiri upande huo ni kivuli, na bila mshale utachanganya nyakati mbili katika picha moja.

Hatua ya 3. Andika rangi kwa kulinganisha. "Ukuta mweupe kuliko anga" inasaidia. "Ukuta mzuri" haisaidii.

Hatua ya 4. Picha moja ya simu, kwa ajili ya kuhesabu madirisha na nguzo. Bandarini na kwenye kivuko cha Likoni uliza kwanza, walinzi hawana mchezo na kamera.

Hatua ya 5. Mezani: bandika karatasi kwa masking tepu pande zote nne, chora kwa mkono mwepesi, lowesha sehemu ya anga, paka PB29 nzito juu na nyepesi chini. Inua brashi.

Hatua ya 6. NGOJA. Hapa ndipo karatasi nyingi huharibika, zangu zikiwemo. Karatasi iliyolowa hupita hali tatu. Kwanza inang'aa: bado unaweza kuongeza rangi, itajisambaza yenyewe. Kisha mng'ao unaondoka lakini ukigusa kwa mgongo wa kidole ni baridi. Hiyo ndiyo hali ya hatari, na macho yanakudanganya kuwa imekauka. Ukigusa kwa brashi yenye maji wakati huo, maji mapya huisukuma rangi iliyokuwa inatulia, nayo huganda pembeni kama ua la koliflawa. Doa hilo halifutiki bila kuacha alama. Hali ya tatu, karatasi ina joto la kawaida la chumba. Endelea.

Pwani hali ya pili ni ndefu, kwa sababu hewa yetu imejaa unyevu. Anga ya A5 iliyokauka kwa robo saa mchana wa Voi, hapa kisiwani wakati wa mvua za Mei inaweza kuchukua saa nzima. Mliojifunza Nairobi mkahamia huku, msitumie saa ya kule. Pima kwa mgongo wa kidole, kila mara. Na usiguse kwa ncha ya kidole, ina mafuta, na mafuta hukataa rangi.

Hatua ya 7. Paka vya mbali, kisha vya kati, kisha vya karibu.

Hatua ya 8. Giza mwisho: PB29 na PBr7 pamoja, maji kidogo. Usinunue nyeusi. Tepu ivue karatasi ikiwa kavu kabisa, ukivuta kwa pembe kuelekea nje.

Michanganyiko inayoulizwa sana. Kuta za Mji wa Kale ni mawe ya matumbawe na chokaa: PY43 yenye maji mengi na chembe ya PV19, kivuli PB29 na PBr7. PB29 hutua kwenye mashimo ya karatasi na kuacha punje, na punje hizo ndizo hufanya ukuta wa matumbawe uonekane jiwe. Udongo wa Tsavo: PBr7 karibu peke yake. Ardhi ile ni nyekundu kwa oksidi ya chuma, na rangi hiyo nayo ni udongo wa oksidi ya chuma. Bahari ndani ya mwamba wa matumbawe, upande wa ufukweni: PB15:3 na tone la PY43, nyepesi sana, maana chini kuna mchanga mweupe. Nje ya mwamba: PB29. Angalia, PB15:3 hung'ang'ania karatasi, ukikosea huwezi kuiondoa.

MASWALI

Kijana_Changamwe: Maalim, anga yangu imetoka maua maua. Shida ni rangi ama brashi?
— Hatua ya 6.

Kijana_Changamwe: Nimesoma. Nilingoja dakika kumi kamili.
— Sikuandika dakika kumi. Niliandika mgongo wa kidole.

Mzigo_Miritini: Karatasi ya printa inafaa kwa kuanzia?
— Haifai. Ni gramu 80, italegea na kujikunja kabla hujamaliza anga. Kata karatasi moja ya A4 ya gramu 300 vipande vinne, ufanyie mazoezi hapo.

AbuTudor: Wenzako kwenye video wanatumia draya ya nywele, dakika mbili kavu. Kwa nini unatupotezea saa nzima?
— Sijakataza draya. Ukiiwasha karatasi ingali inang'aa, upepo unasukuma rangi hadi pembeni. Ngoja mng'ao uondoke, ishike umbali wa sentimita 30, isogeze muda wote. Kisha acha karatasi ipoe ndipo upime kwa kidole, kwa sababu ikiwa moto utadhani ni kavu.

MwanaKuze: Maalim, shikamoo. Nimegundua jambo. Nikitumia maji ya kisima cha nyumbani, picha ikikauka inabaki na ungaunga mweupe, na siku za mvua inakuwa kama mbichi tena. Nikitumia maji ya chupa haifanyi hivyo. Ni chumvi?
— Marahaba dadangu, umeona vizuri. Visima vingi vya kisiwani vina chumvi. Maji yakikauka chumvi hubaki juu ya karatasi, na chumvi huvuta unyevu wa hewa, ndiyo maana picha inarudi ubichi. Tumia maji ya kunywa, hata kuoshea brashi mara ya mwisho. Wanaopaka ufukweni wakichota maji ya bahari wanapata hasara hiyohiyo. Jaribu kitu: paka mraba mmoja kwa maji ya kisima na mwingine kwa ya chupa, rangi ni PB29, uziache wiki nzima. Zilete hapa tuzione.

Fundi_Mariakani: Nasafiri na treni mara mbili kwa mwezi. Kila nikianza kuchora, kitu kimeshapita.
— Anza na cha mbali. Milima ya Taita ukikaribia Voi hukaa dirishani muda mrefu, mibuyu ya karibu inapita mara moja. Chora mlima, kisha mbuyu uuchukue kwa kumbukumbu kwenye kituo kinachofuata. Ukipanda treni inayosimama vituoni, Miasenyi au Mtito Andei inakupa nafasi hiyo.

MwanaKuze: Na rangi za vidonge kuota kuvu ndani ya kisanduku?
— Usikifunge kikiwa kibichi. Kiache wazi usiku kucha, mbali na jikoni. Rangi zilizotengenezwa kwa asali hubaki zikinata hapa Pwani, chagua za aina nyingine ukiweza.

Mzigo_Miritini: Mimi hutia tone la mafuta ya karafuu kwenye maji ya kulowesha vidonge. Kuvu haijarudi.
— Inafaa, hata watengenezaji wa rangi hutumia karafuu. Tone moja kwa chupa nzima. Zaidi ya hapo mafuta yataelea na karatasi itakataa rangi.

Fundi_Mariakani: Karatasi zangu za mwaka jana zinanyonya rangi kama tishu, zina na vidoa.
— Gundi iliyotiwa kiwandani imeliwa na unyevu. Dondosha tone la maji pembeni: likizama papo hapo, karatasi hiyo ibaki ya kujaribia michanganyiko. Mpya zitie kwenye mfuko wa nailoni unaofungika, pamoja na vile vipakiti vya kukausha vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, na kila karatasi ukitaka kuitumia itoe peke yake, ufunge mfuko hapohapo.