Kabla mgonjwa wako hajapigwa picha ya ubongo

Ndugu unayemleta mgonjwa kutoka Newala, Tandahimba au Kilwa, mimi ni mtaalamu wa mionzi hapa Mtwara. Kupiga picha ndiyo kazi yangu, kuisoma ni ya daktari bingwa wa mionzi, na sote wawili tunategemea maelezo yako.

Fomu nyingi zinatufikia zimeandikwa "kichwa kinauma" basi. Haitoshi. Sema kama maumivu humwamsha alfajiri akatapika, kama mkono mmoja umelegea, kama anajigonga mlangoni kwa kutoona upande mmoja, kama tabia imebadilika. Mtu aliyeanza kuanguka kifafa ukubwani anahitaji picha, hata kama nyumbani wameshasema ni mashetani. Visomo viendelee, sina ugomvi navyo, ila picha isisubiri viishe. Sema pia kama aliwahi kuugua TB, anatumia ARV, au alitibiwa saratani ya titi au mapafu, kwa sababu TB na saratani hizo zinaweza kusambaa hadi kwenye ubongo.

Mara nyingi tunaanza na CT-Scan, picha ya eksirei inayotengenezwa na kompyuta. Inachukua dakika chache na huonyesha damu, maji yaliyojaa na uvimbe mkubwa. Uvimbe mdogo, hasa kisogoni karibu na shina la ubongo, unaweza kuipita. Kwa hiyo CT isiyo na dawa ya kung'arisha picha ikisema hakuna tatizo na kifafa kinaendelea, rudi kwa daktari, uliza kuhusu MRI, picha ya sumaku, yenye dawa hiyo.

Dawa hiyo huchomwa mshipani. Uvimbe mkali huharibu kuta za vishipa vya damu, dawa inavuja, pale panang'aa. Kama ana ugonjwa wa figo, ni mjamzito, au dawa ya picha iliwahi kumdhuru, tuambie kabla ya sindano.

Mashine ya MRI ni sumaku kubwa. Vua pini za ushungi, bangili, hirizi yenye waya. Fundi wa kuchomelea aliyeingiwa na chembe ya chuma jichoni, mzee mwenye kipande cha risasi tangu vita vya ng'ambo ya Ruvuma, mwenye kifaa cha kuendesha moyo: semeni kabla ya kuvuka mlango. Mashine inagonga kwa kelele, na mgonjwa akitikisika tunarudia.

Sasa picha yenyewe. Daktari hutafuta duara linalong'aa, kingo nene zisizo sawa, katikati pamekufa, ubongo wa pembeni umejaa maji na mstari wa kati umesukumwa. Glioblastoma, saratani kali ya ubongo, mara nyingi huonekana hivyo, na wakati mwingine huvuka kutoka nusu moja ya ubongo kwenda ya pili. Lakini jipu nalo hutengeneza duara. Uvimbe wa TB pia. Ndiyo maana kwenye MRI tunapiga picha za kupima mwendo wa maji ndani ya tishu: usaha mzito wa jipu kwa kawaida hung'aa sana, sehemu iliyokufa katikati ya saratani mara nyingi haing'ai hivyo. Tafadhali msianze msiba kwa kusoma neno "uvimbe" kwenye ripoti. Jipu linatibika, TB inatibika, na meninjioma, yaani uvimbe wa utando unaofunika ubongo, nyingi si saratani.

Anayethibitisha ni maabara, baada ya kukatwa kipande kidogo cha uvimbe na kupimwa. Ukipewa rufaa ya MOI, taasisi ya upasuaji wa mifupa na ubongo iliyoko Muhimbili, Dar es Salaam, omba picha zote kwenye CD, usibebe ripoti na filamu peke yake. Za zamani nazo zibebe, daktari wa upasuaji alinganishe uvimbe umekua kiasi gani.