Kuchonga mtumbwi wa gogo kwa Bwawa la Nyumba ya Mungu
Kwa wavuvi wa Moshi, gogo la mwembe la mita 5, upana sentimita 80, linatosha watu wawili. Mvule hudumu zaidi, ila kuupata ni kazi. Kibali cha misitu kitangulie.

Chonga nje kwanza, gogo likiwa kifudifudi. Ligeuze, chimba ndani kwa shoka, umalizie na tezo, shoka dogo lenye bapa lililokingama. Wengi hutoboa mtumbwi kwa bahati mbaya hapa, maana jicho halipimi unene. Kwa hiyo, kabla ya kuchimba, toboa matundu membamba kutoka nje, pigilia vijiti vyenye ncha zilizounguzwa, ncha zikiingia ndani kwa unene unaotaka: sentimita 4 ubavuni, 6 chini. Ukichimba ukaona weusi wa ncha, acha.

Kausha kivulini, miisho yote miwili ikipakwa mafuta mazito. Huko ndiko maji hutoka haraka na nyufa huanzia. Ufa mdogo uzibe kwa pamba na lami.