Namna ya Kumkinga Mzee Mwenye Presha na Baridi ya Alfajiri Milimani

Mji wa Kabale, kusini magharibi mwa Uganda, uko takriban mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na katika usiku wa Juni na Julai, anga linapokuwa halina mawingu, joto huweza kushuka hadi karibu nyuzi 10 za Selsiasi. Ngozi inapopoa, mishipa midogo ya damu hujibana ili kuhifadhi joto, shinikizo la damu hupanda, na moyo hulazimika kusukuma kwa nguvu zaidi, huku damu yenyewe ikiwa rahisi zaidi kuganda. Mwili wa mzee, aidha, huchelewa kuhisi baridi na huchelewa kutetemeka. Kwa sababu hiyo, mzee wa Kabale, au wa miji mingine ya milimani kama Kisoro na Kapchorwa, akikuambia kwamba hajambo, mwombe ruhusa umguse tumboni kwa kiganja. Tumbo likiwa la baridi, hali yake si njema.

Hatua ya kwanza: chumba cha kulala

Shirika la Afya Duniani hupendekeza joto la ndani lisipungue nyuzi 18 wakati wa baridi. Ziba upenyo ulio chini ya mlango, sogeza kitanda mbali na ukuta wa nje, na utandike mkeka juu ya sakafu ya saruji. Sigiri isiingizwe chumbani kwa hali yoyote, hata kama makaa yameshakuwa mekundu na hayatoi moshi, kwa kuwa gesi ya kaboni monoksidi haina harufu, nayo huchukua nafasi ya oksijeni katika damu, hata moyo uliokwisha kuchoka ukakosa hewa. Mfuko wa mpira wa maji ya moto unafaa zaidi, mradi ufungwe kwa kitambaa, hasa kwa mwenye kisukari ambaye miguu yake imepoteza hisia.

Hatua ya pili: kuamka

Baridi huongeza mkojo, na choo mara nyingi kiko nje. Mpe mzee ndoo yenye kifuniko ili asitoke usiku. Asubuhi avae sweta, soksi na kofia akiwa bado kitandani, kisha akae ukingoni dakika mbili kabla ya kusimama, maana dawa nyingi za presha huleta kizunguzungu. Kwa mzee anayepata ruzuku ya serikali ya wazee, kwa maoni yangu sweta nzito ya mitumba inastahili kuwa miongoni mwa manunuzi ya kwanza.

Hatua ya tatu: kupima presha

Hapa ndipo baridi inapovuruga kazi. Wengi hufunga mkanda wa mashine juu ya sweta, au hukunja mkono wa sweta hadi ukabana juu ya kiwiko kama kamba, na namba zinazopatikana haziaminiki. Vua mkono mmoja tu wa sweta, mfunike mzee mabega kwa blanketi, kisha funga mkanda juu ya ngozi tupu. Awe ameshakojoa, hajanywa chai wala kahawa kwa nusu saa, na amekaa kimya dakika tano, mgongo ukiegemea kiti, nyayo zikiwa mkekani, mkono ukiwa mezani usawa wa moyo. Ikiwa ametoka nje, asubiri mpaka apate joto. Pima mara mbili, kwa nafasi ya dakika moja, kabla hajameza dawa. Rudia jioni, na uandike yote daftarini kwa siku saba. Wastani wa 135/85 au zaidi upelekwe kwa mhudumu wa afya.

Hatua ya nne: dawa

Dawa zisiongezwe wala zisipunguzwe nyumbani. Presha iliyopanda kwa baridi huweza kushuka msimu ukibadilika, na anayestahili kuamua kipimo kipya ni mtaalamu mwenye daftari hilo mbele yake.

Hatua ya tano: shamba

Kulima kwenye matuta ya mlimani ni kazi nzito, na kuianza saa kumi na mbili asubuhi katika ukungu huutwika moyo mizigo miwili kwa pamoja. Mzee asubiri jua, aanze polepole. Waragi, yaani pombe kali, ya kupasha mwili joto naikataa kabisa: hupanua mishipa ya ngozi, mtu akahisi joto huku mwili wake ukilipoteza.

Hatua ya sita: dalili za hatari

Maumivu au uzito kifuani, kukosa pumzi, jasho la baridi, uso kupinda upande mmoja, mkono kulegea, au maneno kuvurugika ghafla humaanisha safari ya hospitali wakati huohuo. Vilevile presha ya 180/120 au zaidi ikiambatana na dalili yoyote kati ya hizo. Tafuta gari badala ya bodaboda, kwa sababu upepo wa njiani humzidishia mgonjwa baridi na anaweza kuanguka akizimia. Andika saa dalili zilipoanza, kisha beba daftari pamoja na vidonge vyote anavyotumia, vikiwa katika pakiti zake.