Somo: Kuomba fedha za ulemavu Marekani, hatua kwa hatua

Wiki hii nimepigiwa simu sita zenye swali lilelile: "Mama yangu alikuja kama mkimbizi, mgongo umemshinda, ataanzia wapi?" Naandika hapa mara moja, atakayeuliza tena nitamtumia somo hili. Mimi si wakili. Nilisimamia kesi ya mama yangu mzazi tangu simu ya kwanza hadi mbele ya hakimu, kisha nikawasindikiza majirani kadhaa.

1. Jua unaomba ipi. SSDI ni fedha za ulemavu za mtu aliyefanya kazi akakatwa kodi ya Social Security, yaani hifadhi ya jamii ya serikali kuu. Kwa kawaida zinatakiwa pointi 40 zinazotokana na kazi hiyo, na 20 kati yake ziwe za miaka 10 ya mwisho. Kijana hudaiwa chache. Mwaka mmoja hauingizi zaidi ya pointi 4, hata ufanye kazi usiku na mchana. SSI, fedha za mlemavu asiye na kitu, haiulizi kazi, inauliza umaskini: mali isizidi dola 2,000 kwa mtu mmoja au 3,000 kwa mume na mke. Nyumba unayoishi na gari moja havihesabiwi. Mwaka 2025 kiwango cha juu cha serikali kuu kilikuwa dola 967 kwa mwezi kwa mtu mmoja. Kwa zote mbili, ugonjwa uwe umekuzuia kazi, au utakuzuia, kwa miezi 12 au zaidi, au uwe wa kufisha. Ulemavu wa nusunusu haulipwi.

2. Piga simu Social Security, sema unataka kuomba. Andika tarehe. Kwa SSI siku hiyo ndiyo itakayohesabiwa kuwa siku ya maombi, mradi ukamilishe maombi ndani ya siku 60.

3. Dai mkalimani. Ni bure. Usimpe mtoto wa darasa la sita kazi hiyo.

4. Taja kila daktari, kila hospitali, kila dawa. Saini ruhusa ya kuchukua rekodi zako.

5. Fomu ya shughuli za kila siku, na daktari wao. Hapa ndipo nilipoharibu.

Fomu inauliza: unapika? Unafua? Unaenda dukani? Mama alijibu ndiyo kwa yote, nami nikaandika ndiyo. Mwanamke aliyelea watoto saba kambini Nyarugusu, Tanzania, hamwambii karani kwamba kupika kumemshinda. Ukweli ni kwamba alikaa kwenye kiti mbele ya jiko, akasonga ugali kidogo, mkono ukafa ganzi, mdogo wangu akamalizia. Baadaye akapangiwa miadi na daktari aliyechaguliwa na serikali. Daktari akauliza, "Habari za leo?" Mama akajibu, "Nzuri, tunamshukuru Mungu." Mkalimani akatafsiri vilevile. Kwetu hiyo ni salamu, hata mfiwa huijibu hivyo. Kwenye ripoti ikaandikwa kuwa mgonjwa anasema hali yake ni nzuri. Tukakataliwa.

Kwa hiyo, tafadhali sana: itikia salamu, kisha sema, "Sasa naomba nieleze maumivu." Usiandike ndiyo tupu. Andika unasimama dakika ngapi, unapumzika mara ngapi, nani anakumalizia kazi, siku ngapi kwa mwezi huinuki kitandani. Msomee mzee fomu yote kwa sauti, kwa Kiswahili, kabla hajasaini. Wala usiongeze chumvi. Kudanganya hapo ni kosa la jinai, na kwa asiye raia linaweza kumfuata hadi kwenye kesi ya uhamiaji.

6. Ukikataliwa, kata rufaa. Una siku 60 tangu kupokea barua, na wao huhesabu umeipokea siku 5 baada ya tarehe iliyoandikwa juu yake. Usianze maombi mapya badala ya rufaa: unaweza kupoteza tarehe yako ya kwanza pamoja na malimbikizo yake, yaani fedha za miezi ya nyuma. Ngazi ya kwanza ni kupitiwa upya, ya pili hakimu wa Social Security, kisha baraza la rufaa, mwisho mahakama ya shirikisho. Mama alishinda kwa hakimu.

7. Ukishaanza kulipwa SSI, toa taarifa ya kila badiliko: kazi, kuhama, ndoa. Mwisho ni tarehe 10 ya mwezi unaofuata.

MASWALI

Dereva wa Louisville: Nimekataliwa. Nifanyeje?

Jibu: Hatua ya 6. Barua ina tarehe gani?

Dereva wa Louisville: Sijui, ya zamani kidogo. Nijaze upya tu?

Jibu: Nimeandika usijaze upya. Itafute barua leo. Siku zikiwa zimepita, kata rufaa hivyo hivyo na ueleze kwa maandishi sababu ya kuchelewa. Ukilazwa hospitali, kwa mfano, wanaweza kuikubali.

Kijana wa Fizi: Wakili tutamlipa nini na hatuna kitu?

Jibu: Kwa kawaida hulipwa mkishinda tu: asilimia 25 ya malimbikizo, na chini ya mkataba wa kawaida kuna kikomo, ambacho mwaka 2025 kilikuwa dola 9,200. Muulize mapema kuhusu gharama za rekodi, hizo anaweza kuzidai kando. Tafuteni pia ofisi za msaada wa sheria za bure.

Baba wa watoto wawili: Mbona unatutisha? Jirani yangu aliongeza maneno kidogo na analipwa.

Jibu: Sitamfundisha mtu hilo. Kesi hupitiwa tena baada ya miaka, na pesa walizolipa kimakosa huzidai.

Dada wa Iowa: Ndugu, asante sana. Nimesikia SSI ya mkimbizi hukatika baada ya miaka 7. Mama hajui kusoma, uraia ataupataje?

Jibu: Umeuliza jambo kubwa, dada. Ni kweli: kwa mkimbizi ambaye hajawa raia, kwa kawaida ni miaka 7 tangu apewe hadhi hiyo. Akiwa raia, kikomo hicho kinaondoka. Grini kadi (kibali cha ukaazi wa kudumu) ya mkimbizi huhesabiwa tangu siku aliyoingia Marekani, kwa hiyo baada ya miaka 5 anaweza kuomba uraia. Anzeni hapo hapo, msingoje wa saba. Kama ugonjwa wa mwili au akili unamzuia kujifunza Kiingereza na historia, daktari au mwanasaikolojia wa tiba anaweza kumjazia fomu N-648 ili asamehewe mtihani. Kutokujua kusoma peke yake hakutoshi, wala uzee. Daktari lazima aeleze jinsi ugonjwa unavyozuia kujifunza. Mpelekeni kwa anayemtibu siku zote.

Dada wa Iowa: Mungu akubariki. Na akienda msibani Bukavu?

Jibu: Arudi kabla ya siku 30. Zikitimia 30 mfululizo, SSI inasimama, na akirudi lazima akae tena siku 30 ndipo ifunguliwe. Atoe taarifa kabla ya kusafiri.

Mama wa Dayton: Mimi namlisha mama mkwe. Watamkata?

Jibu: Chakula hakihesabiwi tena kama kipato chake cha SSI tangu 30 Septemba 2024. Kumlipia kodi ya nyumba bado kunahesabiwa.

Kijana wa Fizi: Na likilemba, upatu wetu wa kupeana pesa kwa zamu? Zamu ya mama ni mwezi ujao, dola 3,000.

Jibu: Mali hutazamwa siku ya kwanza ya mwezi. Pesa ikilala benki hadi siku hiyo na jumla ikapita 2,000, mwezi huo hastahili. Kabla hajapokea zamu, piga simu Social Security uulize wataihesabu vipi, na uandike jina la aliyekujibu.